Ng'ombe Walio Ng'ambo ya Mchanga

Baba mdogo Ditiro aliporudi kutoka kwenye ng'ombe huko Motlopi safari ile, alikuja na habari ile ile: fisi.

"Wamemla tena mmoja," alisema, bado yuko nyuma ya usukani, mlango wazi, mguu mmoja nje. "Mtamba. Yule mwenye baka jeupe tumboni. Pole, mwanangu."

Segametsi alikuwa uani akisugua masufuria makubwa yaliyotoka kwenye msiba. Hiyo ndiyo kazi yake pale Hukuntsi, kukodisha masufuria, viti na hema kwa wenye harusi na wenye matanga. Alinyanyuka, akajifuta mikono kwenye khanga aliyojifunga kiunoni.

"Ngozi yake iko wapi, baba mdogo?"

"Ngozi gani?"

"Ya mtamba. Marehemu baba, ng'ombe akifa huko, alikuwa analeta ngozi tuione chapa."

"Nimekwambia fisi, Segametsi. Tangu lini fisi akabakiza ngozi? Au nikuokotee mavi yake uyasome chapa?" Akacheka peke yake, akavuta mlango, akaondoa gari.

Segametsi alilisindikiza kwa macho. Lilikuwa pikapu refu la kijivu, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, fowili kama wanavyoliita, na mwenyewe alilibandika jina la Tau, yaani simba. Kwenye msiba, kwenye harusi, kwenye foleni ya mafuta, Rre Ditiro, kama alivyoitwa kwa heshima, hakuchoka kulisifu. Na hakuchoka kuyacheka magari kama la Segametsi, pikapu dogo jeupe linalosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. "Hicho ni kiti cha magurudumu," alikuwa akisema. "Punda wa lami. Kikinusa mchanga, kinalala."

Na Motlopi ilikuwa ng'ambo ya mchanga. Baba yake Segametsi alichimba kisima huko nyuma ya matuta mekundu, majani yalipokuwa bado mengi. Alipofariki akaacha ng'ombe wake wote kwa binti yake wa pekee, na mdogo wake Ditiro, mwenye gari la kufika, akabeba jukumu la kuwaangalia. Ukoo mzima uliona ni sawa. Segametsi naye aliona ni sawa, mwanzoni. Ila tangu mazishi hajatia mguu Motlopi. Kila akiomba lifti, mara kiti cha mbele kina magunia ya chumvi, mara kuna harufu ya dizeli itamwumiza kichwa, mara simba wa kweli wameonekana njiani. Ng'ombe wake alikuwa akiwajua kwa mdomo wa mtu mmoja tu. Mtu huyo akisema wamezaa, wamezaa. Akisema wamekufa, wamekufa.

Siku hiyo, Tau lilipokata kona, jambo moja lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Gari lilikuwa na vumbi, ndiyo, lakini ubavuni halikuwa na mkwaruzo hata mmoja mpya. Njia ya Motlopi hupita kwenye vichaka vya miiba. Gari la baba yake lilikuwa limechorwa ubavu mzima kama paka wameligombania.

*

Mwezi uliofuata, mchana ule ule ambao Rre Ditiro aliaga kwenda Motlopi, mkewe alibisha hodi kwa Segametsi. Mma-Gorata alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuitia mbuzi, lakini siku hiyo aliongea chini chini. Aliketi, akakataa chai, kisha akaikubali.

"Mwanangu," alisema, "nikuulize kitu. Mwanamume anayetoka kwenye ng'ombe bila maziwa, ametoka wapi?"

Segametsi akaweka birika chini. "Unasemaje, mama mdogo?"

"Zamani alikuwa ananiletea kibuyu cha maziwa mgando, mpaka majirani wananusa. Sasa hata tone. Namwuliza, ananiambia yamemwagika njiani. Kila safari yanamwagika? Barabara hiyo imegeuka ungo?" Akasogea karibu. "Kuna mwanamke huko. Naapa kwa mama yangu aliye kaburini. Amemjengea huko mchangani, kusudi nisimfikie. Ndiyo maana alining'ang'ania tununue hilo fowili lake."

Segametsi alilinyanyua tena birika, akammiminia. Moyoni alijiuliza: huyu amekuja mwenyewe au ametumwa? Kwa miaka yote, mama mdogo alikuwa akimtetea mumewe hata pasipo na kesi. Leo anakuja kumsengenya, siku hiyo hiyo mume ametoka? Huenda wanataka kujua mimi nawaza nini.

"Unataka nifanye nini?" aliuliza.

"Una gari."

"Gari langu ni punda wa lami, mama mdogo. Hamjaniambia hivyo miaka yote?"

"Sijasema mimi. Amesema yeye." Mma-Gorata akamtazama. "Na anayoyasema yeye, wewe bado unayaamini?"

Kwa kweli Segametsi alikuwa ameacha kuyaamini zamani. Siku nyingi alikuwa akiwauliza maswali madereva wa kuleta bia na wanunuzi wa ng'ombe, huyu leo, yule kesho, asije akashtukiwa. Wote walimwambia kitu kimoja: gari jepesi la kusukuma nyuma linapita mchangani likipata dereva mwenye subira. Punguza upepo kwenye tairi mpaka zilale kidogo, kama nyayo za ngamia. Weka mzigo nyuma, juu ya magurudumu yanayofanya kazi. Nenda alfajiri, mchanga ukiwa bado na baridi umeshikana. Ukianza kupanda, usisimame, usikanyage breki, usikate kona ya ghafla. Ukinasa, ondoa mguu kwenye mafuta mara moja, maana kila mzungusho wa tairi ni koleo la kaburi lako mwenyewe.

"Tutaondoka kabla ya jua," alisema. "Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani? Aibu ni yangu."

*

Walitoka jogoo wa pili akiwika. Nyuma Segametsi alikuwa amepakia turubai kuukuu la hema, mapipa ya maji, koleo, pampu ya mguu na mifuko ya mchanga ile wanayokandamizia kamba za hema upepo ukivuma. Mma-Gorata alipanda na furushi alilolikumbatia mapajani, wala hakutaka kuliweka nyuma. Gari liliporuka kwenye shimo, kitambaa kikafunuka, na Segametsi akaona kichwa cha rungu.

Rungu la nini? Wako wawili tu kwenye gari, hakuna mtandao wa simu, hakuna kijiji. Akaanza kukumbuka kila kitu tangu jana: jinsi mama mdogo alivyoikataa chai kwanza, jinsi alivyouliza mara mbili kama kuna mtu mwingine anayejua safari yao.

"Mama mdogo," alisema, "hilo rungu ni la fisi?"

"La fisi jike," alijibu Mma-Gorata, macho yakiwa mbele. "Mwenye miguu miwili."

Segametsi akabadilisha gia, akaongeza mwendo.

Walifika chini ya matuta kukiwa kumepambazuka tu. Na pale, penye mti wa mwisho kabla mchanga haujaanza kupanda, lilikuwepo Tau. Limeegeshwa kivulini vizuri, pua imeelekea nyumbani. Kando yake moto mdogo, birika, kiti cha kukunja, na kwenye kiti Rre Ditiro amelala, kofia usoni, blanketi mpaka kidevuni.

Mma-Gorata hakungoja gari lisimame sawasawa. Alishuka, rungu amekwisha kulitoa kwenye furushi.

"Ditiro!"

Mzee wa watu aliruka, kiti kikaanguka kulia, kofia kushoto. "Nani? Nani amekufa?"

"Bado hajafa mtu. Yuko wapi?"

"Nani yuko wapi? Mmefikaje hapa? Segametsi? Na hicho kigari?"

Mma-Gorata alikwisha kulizunguka Tau, akachungulia ndani, akainama kutazama nyayo. Akarudi ameshika kikombe cha bati. Kingine kilikuwa pale karibu na birika. "Vikombe viwili," alisema. "Mdomo wako mmoja. Hiki cha nani?"

Rre Ditiro alikitazama kikombe, kisha akatazama mchanga.

Segametsi alimwangalia vizuri. Alimjua baba mdogo. Ukimsingizia hata kikohozi, anapiga kelele mtaa mzima utoke. Leo mkewe amemshika na kikombe cha pili, naye yuko kimya kama mtoto aliyekojoa kitandani. Mtu anayekubali kudhaniwa ana hawara, aliwaza, anaficha kitu kizito kuliko hawara. Na kando ya moto aliona alama nyingine, pana, zenye mbavu mbavu, zilizoshuka kutoka kwenye matuta na kurudi huko huko. Hazikuwa za Tau. Za Tau zote ziliishia chini ya mti huu.

"Baba mdogo, kwa nini umelala hapa? Motlopi iko kule."

"Nilichoka."

"Mwezi uliopita je? Haya majivu ni ya leo peke yake? Makopo yale kule ni ya nani?"

"Segametsi, usinihoji kama askari."

"Basi panda Tau utuongoze. Sisi tutafuata nyuma."

"Hamuwezi kuvuka. Kigari hicho kitawazika."

"Tukinasa utatuvuta. Si fowili?"

Hapo Rre Ditiro alijikuna shingo. Mwisho akasema, kwa sauti ambayo Segametsi hakuwahi kuisikia kwake, "Halivuki. Difu ya mbele imekufa. Mbele hakuvuti kitu."

"Tangu lini?"

"Tangu msimu wa mazishi ya baba yako."

Mma-Gorata aliteremsha rungu. "Yaani hili simba lako miaka yote hii…"

"Linasukuma nyuma tu, ndiyo. Tena ni zito. Likigusa tuta linazama mpaka tumboni. Mmeridhika? Haya, nendeni mkatangaze kanisani."

Mkewe alimwamini, Segametsi aliona bega lake likilegea. Yeye mwenyewe hakuamini, au aliamini nusu. Mtu anaweza kusema ukweli mdogo ili kuuziba mkubwa. Kama Tau halivuki, dizeli ya injini ya kisima inafikaje? Na habari za fisi zinatoka wapi?

"Panda kwangu," alisema.

"Wapi?"

"Nyuma, juu ya turubai. Nahitaji uzito."

*

Alipunguza upepo kwenye tairi zote, akizisikiliza zinavyopumua. Rre Ditiro alisimama akimtazama, mdomo unamwasha kutoa maelekezo, lakini hakutoa. Akapanda nyuma akakalia mifuko ya mchanga.

Tuta la kwanza walilipanda kwa mwendo mmoja, injini ikilia, usukani ukicheza mikononi mwake kama mtumbwi. Mma-Gorata alifumba macho na kuimba wimbo wa kanisani kwa meno yaliyobana. La pili vile vile. Tuta la tatu lilikuwa refu. Karibu na kilele Segametsi alihisi nguvu inaisha. Akaondoa mguu kwenye mafuta kabla tairi hazijaanza kuchimba.

"Kanyaga!" Rre Ditiro alipiga kelele kutoka nyuma. "Kanyaga, mtoto!"

Hakukanyaga. Aliliacha gari lirudi kinyumenyume kwenye alama zake lenyewe, mpaka chini. Walishuka, wakafagia mchanga, wakatandika turubai la hema pale palipokuwa laini, wakalishindilia kwa miguu. Baba mdogo alipiga magoti na kuchimba kwa mikono kama mtu anayetafuta pete. Jasho lilimtoka. Safari ya pili gari likapita, mchanga ukaruka nyuma ukamfunika baba mdogo aliyekuwa anasukuma, na upande wa pili wakaiona Motlopi chini yao: kisima, zizi la miiba, moshi.

Mchungaji alikuwa amekwisha kutoka kwenye kibanda chake, shoka mkononi. Sebetlela lilikuwa jina lake. Alichunga kwa marehemu tangu ujana. Alilitazama lile gari dogo jeupe, akawatazama wanawake wawili wanaoshuka, wala hakuliweka shoka chini.

"Mmetumwa na Mothobi?" aliuliza.

"Mothobi nani?" Segametsi akasema. "Mimi ni binti wa Rre Kebadire. Ng'ombe hawa ni wangu."

"Hivyo husema kila mtu." Kisha mtu mmoja mwekundu wa vumbi akajikongoja kutoka nyuma ya gari, na Sebetlela akakaza macho. "Rre Ditiro? Ni wewe? Mbona umezeeka! Tangu tumzike kaka yako hatujakuona huku."

Mma-Gorata akamgeukia mumewe polepole. Segametsi hakugeuka. Aliendelea kumtazama mchungaji.

"Baba Sebetlela, nani anakuletea dizeli?"

"Huyo Mothobi. Ana trekta, anachukua mapipa kwa Rre Ditiro kule mtini, anavusha."

"Na fisi? Wamekula wangapi?"

"Mwaka huu? Mmoja. Ngozi ile pale ukutani, nimeitunza ili mwenye ng'ombe aione." Akatulia, akamtupia Rre Ditiro jicho, akasita. Kisha akaona afadhali ayamalize. "Wengine wamekwenda na Mothobi. Alikuja na salamu kwamba Rre Ditiro amempa. Kila akileta dizeli mara kadhaa, anaondoka na mtamba. Nilidhani mwenyewe unajua. Halafu nikaanza kuona si bure, ndiyo maana nimewapokea na shoka."

Upepo ulikuwa umeamka. Injini ya kisima ilitwanga kwa mbali. Rre Ditiro alikaa chini pale pale alipokuwa, kwenye samadi.

"Kikombe kile," Mma-Gorata alisema, "kumbe cha Mothobi."

"Cha Mothobi," mumewe akakubali.

"Ungesema tu gari limekufa! Ungemwambia mtoto! Mchanga si tumeuvuka leo, na hako unakokaita kiti cha magurudumu?"

"Ningesemaje, mama Gorata? Mimi? Mbele ya wanaume wote niliowacheka?" Akamtazama Segametsi. "Nilisema nitalitengeneza mwezi ujao. Mwezi ujao ukawa huo huo. Dizeli lazima ifike, la sivyo ng'ombe wote wanakufa kiu. Mothobi akasema hafanyi bure, wala hafungi mdomo bure. Sikula hata paja la ng'ombe wako, mwanangu. Naapa."

"Hukula," Segametsi alisema. "Ulilipa kwa wangu ili usichekwe wewe."

Alishangaa kwamba hasira haikumpanda kama alivyotegemea. Alikuwa amejiandaa kumkuta mwizi, na mwizi, yeye Segametsi angejua la kumfanya. Lakini huyu mzee aliyekaa kwenye samadi, Segametsi hakujua amweke wapi. Alimwacha, akaingia zizini. Alipita katikati ya ng'ombe wake akishika masikio yao mmoja mmoja, akitafuta ule mkato wa baba yake, na kila alipoupata aliushika kidogo zaidi kuliko ilivyohitajika.

*

Kesi ilisikilizwa nyumbani, chini ya mjomba wa Segametsi, Rre Gasebalwe, mtu wa maneno machache. Rre Ditiro hakubisha. Alitoa mitamba kutoka kundi lake mwenyewe, badala ya kila aliyekwenda na Mothobi, na Mma-Gorata ndiye aliyewachagua, hakumwachia achague waliokonda. Mothobi aliitwa, akaja na trekta lake kwa mbwembwe, akaondoka bila mbwembwe. Tangu hapo Segametsi alikuwa akienda Motlopi mwenyewe, alfajiri, na Mma-Gorata mara nyingine humsindikiza, furushi la safari hii likiwa na vibuyu vitupu vya maziwa.

Msimu wa mvua ulipokaribia, Rre Ditiro alisimama tena mbele ya ua wa Segametsi, ndani ya Tau. Limeoshwa linang'aa.

"Nimelitengeneza," alisema. "Difu mpya. Naweza kukupelekea dizeli wiki hii, upumzike."

Segametsi alitoka, mikono ina povu la sabuni. Alilitazama gari, akamtazama yeye.

"Lipeleke pale," alisema, akionyesha mchanga laini nyuma ya nyumba, wanakochimba wafyatua matofali.

"Segametsi. Nimeshakwambia limepona."

"Nimesikia, baba mdogo. Lipeleke pale."

Rre Ditiro akapumua kwa nguvu, akashuka kufunga vitovu vya magurudumu ya mbele ili nayo yavute, akapanda, akaingia mchangani. Segametsi alipiga magoti kando, shavu karibu liguse ardhi, akayakodolea macho magurudumu mawili ya mbele aone kama kweli yanatupa mchanga.

"Rudia," alisema.